Saa janja iko kimya, pete inasema ODI 18: kipimo gani kifuate kwa mgonjwa anayekoroma na kukatika pumzi?

tabibu_wa_zamu

Wakuu, habari za jioni. Naomba mchango wa wanaofanya vipimo vya usingizi.

Mgonjwa ni mwanaume wa miaka 52, dereva wa lori la masafa marefu. Anakoroma sana, na mkewe anasema pumzi hukatika kabisa, kisha hushtuka kwa mkoromo mkubwa. Mchana anasinzia, alama yake ya Epworth (dodoso la kusinzia mchana) ni 15. BMI 33, shingo sentimita 44. Presha 150/95 ingawa anatumia amlodipine na losartan. Anameza pia tamsulosin kwa ajili ya tezi dume. Hajawahi kupata kiharusi, hana dalili za moyo kushindwa kufanya kazi, havuti sigara.

Anavaa Apple Watch Series 9, kipengele cha tahadhari ya apnia ya usingizi kimewashwa na hakijasema lolote. Halafu ameniletea ripoti ya pete ya oksimita aliyoagiza mtandaoni. Usiku mmoja, saa 7 na dakika 10 za kurekodi: ODI (idadi ya mishuko ya oksijeni kwa saa) ya 3% ni 18, ODI ya 4% ni 11, oksijeni ya chini kabisa 79%, muda chini ya 90% ni 6%.

Maabara kamili ya usingizi iko mbali naye na gharama yake si ndogo. Sasa:

1. Saa na pete zinapingana. Nisikilize ipi?
2. Hatua inayofuata, nimpe kifaa cha mkononi na kidoleni kama WatchPAT, au kile cha kanula ya pua na mkanda wa kifua?
3. Je, kwa ripoti ya pete peke yake naweza kumwanzishia CPAP (mashine ya kusukuma hewa kooni wakati wa usingizi)?

---

pumzi_na_grafu

Hazipingani, mkuu. Kila moja imejibu swali lake.

Kipengele cha Apple Watch hakiangalii oksijeni. Kinatumia kipima mwendo kilichomo ndani ya saa kusoma mitikisiko midogo ya mkono inayoendana na pumzi, kisha kila usiku unahesabiwa kuwa na usumbufu uliozidi au usiozidi. Tahadhari haitoki kwa usiku mmoja: saa inapitia siku 30 na inataka angalau usiku 10 wenye data. Kwa hiyo kabla ya kusema "haijatoa tahadhari", fungua programu ya afya kwenye simu yake uhesabu usiku uliorekodiwa. Dereva wa masafa marefu anayechaji saa usiku anaweza kumaliza mwezi bila kufikisha 10. Angalia pia kama kipengele kimefunguliwa kwa nchi ambayo simu imesajiliwa.

Tuseme usiku 10 umetimia na bado saa iko kimya. Hapo kumbuka kifaa hiki kimetengenezwa makusudi kisiwatishe wazima. Takwimu za Apple wenyewe zinaonyesha kinakamata karibu 66% ya wenye apnia ya kati hadi kali, na kinawaacha salama zaidi ya 98% ya wasio nayo. Yaani wagonjwa 100 wa kweli wakivaa saa hii, takriban 34 hawataambiwa kitu. Ikipiga kengele, iamini na upime. Ikinyamaza, ukimya wake hauna uzito mbele ya mgonjwa mwenye dalili.

Samsung ni mfumo mwingine. Inasoma oksijeni kwenye kifundo cha mkono wakati wa usingizi, inataka usiku 2 wa zaidi ya saa 4 kila mmoja ndani ya siku 10, na ni kwa wenye miaka 22 kwenda juu. FDA ya Marekani iliiruhusu Februari 2024. Ya Apple ilifuata Septemba mwaka huohuo. Zote mbili ni za kuchuja watu. Hakuna inayokupa AHI (idadi ya mikatiko na mapungufu ya pumzi kwa saa ya usingizi) ya kuandikia tiba.

Sasa mgonjwa wako. Kwa STOP-BANG, dodoso la hatari ya apnia, ana koroma, uchovu, kuonekana akikata pumzi, presha, umri zaidi ya 50, shingo nene, mwanaume. Hiyo ni 7 kati ya 8. Kilichomwokoa ni BMI kutozidi 35. Alama 5 kwenda juu ni hatari kubwa tayari. Kwa mtu wa namna hii hakuna saa ya kunishawishi kuwa hana kitu.

Pete nayo: ODI ya 18 kwa saa 7 na dakika 10 ni mishuko kama 129 ya oksijeni kwa usiku mmoja. Asilimia 6 ya muda huo ni kama dakika 26 chini ya 90%. Ile 79% usiifukuzie sana, tarakimu ya chini kabisa mara nyingi ni kidole kilichobanwa na mto. Fungua grafu yenyewe. Mshuko wa kweli unateremka taratibu kwa nusu dakika hivi, kisha unapanda haraka mgonjwa akishtuka na kuvuta hewa. Ikijirudia inafanana na meno ya msumeno, na mapigo ya moyo yanaruka kila jino linapopanda. Ukiona mstari umeanguka pointi 12 ndani ya sekunde moja na kurudi vilevile, hiyo ni pete imeteleza. Ukiona oksijeni imekaa 88% kwa dakika 40 bila meno, fikiria mapafu au pumzi hafifu ya muda mrefu. Hiyo si picha ya apnia peke yake.

Swali la 3: hapana. Pete haina mtiririko wa hewa wala juhudi za kifua. Haiwezi kutofautisha koo lililoziba na ubongo uliosahau kutoa amri ya kupumua, na tiba ya hayo mawili hailingani. Pia inakosa pumzi pungufu zinazoishia kwa kushtuka bila oksijeni kushuka, kwa hiyo ODI ndogo haimfuti mtu.

Wakati anasubiri kipimo, suala la usukani lisisubiri. Epworth 15 na lori havikai pamoja. Zungumza naye kuhusu safari za usiku leo.

---

fundi_wa_psg

Nimjibu daktari swali la 2, kwa sababu jibu liko kwenye orodha yake ya dawa.

WatchPAT haipimi hewa. Inapima mishipa midogo ya damu ya kidole. Mkatiko wa pumzi unapoisha, mwili unapata mshtuko, mishipa ya kidole inakaza, mapigo yanaongezeka, oksijeni imeshuka. Kifaa kikiona hayo yanakwenda pamoja, kinaandika tukio. Tamsulosin ni kizuizi cha alfa: inalegeza ule ule mkazo wa mishipa ambao kifaa kinautafuta. Mtengenezaji ameorodhesha vizuizi vya alfa kama sababu ya kutokitumia. Wengine wasiofaa ni waliotumia nitrati za muda mfupi ndani ya saa 3 kabla ya kipimo, wenye mapigo yasiyo ya kawaida ya kudumu, na baadhi ya wenye kirekebisha mapigo ya moyo. Usimwambie mgonjwa aache dawa ili kipimo kikae sawa, badilisha kipimo.

Kwa mwingine asiye na vikwazo hivyo kifaa hiki kina faida moja kubwa: kina kipima mwendo na kinakadiria muda wa usingizi wenyewe. Nitarudi hapo chini kueleza kwa nini ni jambo kubwa.

Mgonjwa wako mpe kifaa cha kundi la tatu: kanula, mkanda, oksimita. ApneaLink Air, Nox T3s, Alice NightOne, chochote utakachopata, alimradi kinarekodi mtiririko wa hewa, juhudi za kupumua, oksijeni na mapigo, na unaweza kuona mawimbi yenyewe. Muuzaji akikuambia kifaa kinatoa ripoti ya kurasa mbili tu, achana nacho. Muulize pia bei ya kanula na vihisi vya kidole, leseni ya programu inalipwa mara moja au kila mwaka, data inakaa kwenye kompyuta yako au inapanda kwenye seva ya nje, na usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania.

Kufunga kifaa. Mfundishe mchana, avae mwenyewe mbele yako mpaka aweze bila msaada, mkewe akiwepo ni bora zaidi. Mkanda unapita usawa wa chuchu, juu ya fulana nyembamba, umekaza kiasi cha vidole viwili kupita. Ukilegea unateleza hadi tumboni na wimbi linakufa. Ncha za kanula ziingie puani zikielekea chini kufuata mkunjo wa pua, mrija upite juu ya masikio, ukazwe chini ya kidevu. Kisha plasta mashavuni, pande zote mbili. Plasta ndiyo watu wanayoiacha, na kanula kutoka puani ndiyo sababu ya kwanza ya kipimo kuharibika. Ndevu zikiwa nyingi plasta haishiki, azipunguze sehemu hiyo. Oksimita ikae kidole cha shahada cha mkono asioutumia sana, waya ukazwe kwa plasta mgongoni mwa kiganja.

Betri mpya au chaji kamili kila mara. Dawa zake ameze kama kawaida. Pombe asinywe usiku huo, isipokuwa ni mazoea yake ya kila siku, hapo andika. Pua ikiwa imeziba kwa mafua, ahirisha: mtu akipumua kwa mdomo, kanula inaonyesha mstari bapa na programu inahesabu mkatiko ambao haupo. Utaujua kwa mkanda unaoendelea kucheza vizuri na oksijeni iliyotulia 96%.

Saa za kifaa nazo. Mgonjwa anaandika kwenye karatasi "nimezima taa saa 4 na nusu", mwingizaji data anaandika 04:30 badala ya 22:30, na programu inakata saa 6 za mwanzo za usiku. Mpe karatasi yenye saa za tarakimu 24, au muulize mwenyewe asubuhi.

Sasa kuhusu kugawanya. Vifaa vya kundi hili havina mawimbi ya ubongo, havijui mgonjwa amelala saa ngapi. Idadi ya matukio inagawanywa kwa muda wa kurekodi. Ndiyo maana wengine wanaiita REI (matukio kwa saa ya kurekodi) badala ya AHI. Chukua matukio 70. Ukigawa kwa saa 7 za kurekodi unapata 10, apnia ndogo. Kama kati ya hizo 7 alilala 4 na nusu tu, ukweli ni 15.6, ambayo ni ya kati. Mipaka ni ileile: 5 hadi chini ya 15 ndogo, 15 hadi chini ya 30 ya kati, 30 na kuendelea kali. Kwa hiyo mtu mwenye usingizi wa mang'amung'amu akitoka na 4.6 usimwambie ni mzima. Maabara.

Na alama za kompyuta zipitiwe na binadamu. Kila mara.

---

nesi_wa_mwambao

Shikamooni. Naongezea upande wa vidole, maana huko ndiko data inakopotelea kimya kimya.

Huku Pwani tuna hina na piko. Hina nyekundu kwa kawaida haisumbui sana, lakini piko nyeusi kwenye kucha na ncha ya kidole inakula mwanga: oksimita inagoma kabisa au inatoa namba ya ajabu. Bibi harusi na wageni wake wakija wiki ya harusi, subirini iishe, au tafuteni kidole ambacho hakikupakwa, hata cha mguu, kama kihisi ni cha kubandika. Rangi nyeusi na ya bluu ya kucha zitolewe. Kucha za bandia vilevile, na kucha ndefu zinazuia kidole kufika mwisho wa kihisi. Kwa vile vya WatchPAT kidole kisipogusa mwisho kipimo hakisomi, na kihisi kikishavaliwa na kuvuliwa hakirudi sawa.

Kidole cha baridi pia ni tatizo. Anayelala chini ya feni kali au kiyoyozi avute shuka hadi mkononi. Pete ya oksimita mara nyingi inakaa vizuri kwenye kidole gumba, kihisi kikielekea upande wa nyama. Ikicheza hovyo, badilisha kidole kabla ya kulaumu kifaa.

Wenye selimundu na upungufu mkubwa wa damu, usomaji wa oksimita unaweza kupotoka. Hao msiwahukumu kwa pete.

---

mkuu_wa_mawimbi (Nairobi)

Nesi ametaja rangi za kucha, niongeze rangi ya ngozi, kwa sababu vifaa hivi vingi havikutengenezwa vikiangalia ngozi zetu. Utafiti wa Marekani wa 2020 kwenye hospitali ulionyesha kwamba, oksimita ikisoma 92 hadi 96%, oksijeni halisi kwenye damu ya ateri ilikuwa chini ya 88% katika 11.7% ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya 3.6% kwa weupe. Oksimita inatupendelea vibaya: inasema tuna oksijeni kuliko tuliyo nayo.

Kwa apnia, madhara hayalingani kwa kila namba. ODI inahesabu tofauti kati ya juu na chini, kwa hiyo kosa linalosogeza vyote viwili kwa pamoja halibadilishi sana idadi ya meno. Lakini muda chini ya 90% ni namba kamili, na huo ndio unaopungua kwa uongo. Zile 6% za mgonjwa zisomwe kama "angalau 6%".

Mwinuko nao. Nairobi iko karibu mita 1,800, Eldoret juu zaidi. Mtu mzima wa afya huku anaweza kuanza usiku na 94 au 95%, wakati wa Dar anaanza na 97 au 98. Ukianza chini, mkatiko uleule wa sekunde 20 unakushusha pointi nyingi zaidi. Mtu huyohuyo akipimwa Mombasa na Eldoret msishangae ODI kutofautiana. Andikeni mji kwenye ripoti, hasa kwa madereva ambao usiku mmoja wako Tanga na wa pili wako Iringa.

Kitu cha mwisho kwenye mipangilio: muda wa wastani wa oksimita. Uwe sekunde 3 au chini. Kifaa kinachochukua wastani wa sekunde 10 na zaidi kinalainisha meno, na ODI ya 18 inakuwa ndogo bila mgonjwa kupona. Pete nyingine huhifadhi namba moja kila sekunde 4. Zinatosha kuona kama kuna meno, hazitoshi kubishania kati ya 14 na 16. Saa za bei rahisi zinazopima oksijeni mara moja kila dakika kadhaa hazina maana yoyote hapa, maana mkatiko mzima unapita kati ya kipimo na kipimo. Mwenye faili ya pete anaweza kujaribu kuiingiza kwenye OSCAR, programu huria isiyolipiwa. Baadhi ya pete na oksimita za Contec zinasomeka humo, na grafu unaivuta hadi dakika moja.

---

tabibu_wa_zamu

Asanteni sana wakuu. Nimekagua saa: kumbe ina usiku 6 tu ndani ya mwezi. Amepimwa kwa kifaa cha kundi la tatu. Alirekodi saa 7, lakini kanula ilitoka puani. Data nzuri ya hewa ni saa 3 na dakika 20. Katika hizo programu imepata matukio 90, REI 27, mengi ni ya kuziba, mkanda unacheza wakati hewa imesimama. Grafu ya oksijeni ina meno usiku mzima. Nirudie au inatosha?

---

fundi_wa_psg

Kiwango cha chini ni saa 4 za hewa na oksijeni zinazosomeka, kwa hiyo kwa kanuni kipimo hiki hakijatimia. Mwongozo wa AASM (chama cha tiba ya usingizi cha Marekani) wa 2017 unashauri kwamba kipimo cha nyumbani kikishindikana mara moja, au kikitoka safi kwa mtu mwenye dalili, aende maabara. Lakini hapa sababu ya kushindikana inajulikana na inarekebishika kwa plasta ya sentimita chache. Maabara ikiwa mbali, mimi ningerudia usiku mmoja kwa kifaa kilekile. Ikishindikana tena, asafiri.

Kabla ya kurudia, kagua mambo mawili kwenye faili uliyonayo. Hakikisha hayo matukio 90 yote yako kabla ya kanula kutoka. Programu nyingine zinaendelea kuhesabu mstari bapa kuwa mkatiko mmoja mrefu. Kisha angalia kama kifaa kina kihisi cha mlalo: kama hizo saa 3 alilala chali tupu, 27 ni picha ya mlalo wa chali, na usiku mzima unaweza kuwa na namba ndogo zaidi. Kwa upande mwingine, usingizi wa ndoto, ambao koo hulegea zaidi, umejaa saa za mwisho za usiku ambazo umezikosa.

Usichanganye namba za pete na za kifaa kupata wastani. Pete iandike kwenye faili kama ushahidi wa pembeni.

---

pumzi_na_grafu

Nakubaliana. Usiku wa pili ukitoka 15 kwenda juu na matukio ni ya kuziba, una utambuzi. Mpeleke kwa daktari wa usingizi au wa masikio, pua na koo pamoja na mawimbi yenyewe, si ukurasa wa kwanza wa ripoti. Hata 5 hadi 14 kwa mtu wa Epworth 15 na presha isiyoshuka inatosha kuanza mazungumzo ya tiba. Yakianza kuonekana mengi ambayo mkanda umelala pamoja na hewa, simamisha hapo, apimwe moyo na aende maabara, usimpe mashine inayojirekebisha yenyewe.

Pete yake asiitupe. Akishaanza CPAP itafaa kuangalia kama meno yameisha.